Madoa kwenye Puto la Bwana Belisário

Bwana Belisário aliuza nyumba ya marehemu baba yake hapa Belém, Brazili, ili aunde puto refu la kusafiria angani lenye usukani, litakalokwenda hata kinyume cha upepo. Mimi na shoga yangu Eufrásia tulishona hariri yake, ikapakwa utomvu wa mpira. Lilikuwa lipae Jumapili.

Alhamisi tulikuta gesi imevuja. Kando ya mishono palikuwa na madoa laini, yanayonata kama ulimbo.

"Hii ni hujuma," alisema Bwana Belisário, akimkazia macho mlinzi wake, Quirino, mume wa dada yangu. "Ufunguo wa banda la puto unao wewe peke yako."

"Bwana, mimi hata kuku simchinji, nitaweza kuliua puto?"

"Kumchinja humchinji, shemeji, lakini kumla!" Eufrásia alimdhihaki. "Na vile viatu vipya?"

"Kesho utajieleza polisi," Bwana Belisário alikata shauri.

Hata mimi nilimshuku. Nilivitazama viatu vile, nikawaza kwamba amehongwa, ilhali dada yangu ana watoto wanne.

Mchana mbu walituvamia. Eufrásia alinisogezea kibuyu cha mafuta ya mti wa andiroba, yanayofukuza mbu. Tukajipaka mikononi, kama tulivyofanya kila siku tangu utotoni, tukashika sindano. Vidole vyangu viligusa kitambaa chenye mpira, nami nikashtuka. Madoa yote yalikuwa mahali tuliposhika sisi.

"Nyamaza, shoga," Eufrásia alininong'oneza. "Tutafukuzwa."

Nilikwenda kumwambia Bwana Belisário kwamba mafuta yetu ndiyo yaliyoyeyusha mpira.

Alinisikiliza, kisha akauliza taratibu, "Nani amekutuma? Quirino?"

Nilipaka kiganja mafuta, nikakibandika juu ya kipande cha hariri yenye mpira kilichosalia, nikakitandaza kitambaa hicho mezani pake. Tulingoja. Alikuwa akinitazama mimi zaidi ya kitambaa. Mvua ya alasiri ilinyesha, ikakatika. Hapo alibonyeza alama ya kiganja changu. Kidole chake kikanasa, kikang'oka na utando wa mpira.

Alimwita Quirino, akamkabidhi tena ufunguo bila kumtazama usoni.

"Na viatu?" aliuliza Bwana Belisário, akishindwa kujizuia.

"Vya marehemu kaka yangu, Bwana. Vinanibana."

Kisha Bwana Belisário alitusogezea, mimi na Eufrásia, beseni la maji na kipande kizima cha sabuni.

"Mishono yote," alisema. "Upya."

Jumapili ilikuwa imebakiza siku tatu.