Daftari la Tisa la Nesi Asnath

Nina miaka hamsini na minne, na miguu yangu ina zaidi ya hapo. Ni muuguzi katika kituo cha afya bondeni, chini ya milima ya Mpale, na huu ni mwaka wa sita naandika riwaya. Watu wakisikia hucheka, kisha huniuliza muda napata wapi. Sipati, naiba. Saa saba mchana foleni ikipungua, najifungia chumba cha chanjo, naketi juu ya boksi la mabomba ya sindano na kuandika mpaka mtu agonge mlango. Kuna siku naandika mistari miwili. Kuna wiki siandiki hata mmoja, nasinzia tu, kichwa juu ya daftari.

Nyuma ya kituo tuna nyumba ya kungojea. Wajawazito wanaotoka mbali hukaa humo wiki za mwisho, ili uchungu usiwakute njiani. Hawana kazi ila kupika na kusubiri, kwa hiyo jioni kabla sijaondoka nawasomea nilichoandika. Hao ndio wasomaji wangu. Kasoro yao ni moja tu: wanajifungua, wanaondoka. Huyu anamjua Grasiana wangu wa riwayani, binti wa mkata mkonge, siku anaolewa. Yule anamjua akiwa na mimba. Hadithi nzima hakuna aliyeisikia.

Mwezi uliopita mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alinipigia simu. Alitaka riwaya yote imfikie Jumatatu, imeshachapwa kwenye kompyuta. Mwisho nilikuwa nao: mtoto wa Grasiana anazaliwa amekufa, mvua inanyesha, basi. Niliuandika kwa dakika arobaini tu, nikafurahi kama mtu aliyevua viatu baada ya zamu. Nilikuwa nimemchoka Grasiana. Nilitaka aondoke kwangu.

Ijumaa ya wiki hiyo Munira, mwenzangu wa zamu, msichana wa Kwedizinga asiyejua kunyamaza, alikuwa anakwenda Korogwe mjini. Nilimpa madaftari yote tisa ayapeleke kwa mchapaji wa kompyuta.

"Hilo la tisa usilipoteze," nikamwambia. "Ndilo lenye mwisho."

"Mama, ukishakuwa maarufu utatukumbuka kweli?"

"Nitakuwa nimelala."

Alikuwa bado anafunga mzigo kwenye bodaboda nilipomwona Chausiku kwenye benchi la wagonjwa, vumbi mpaka magotini. Ameteremka kwa miguu kutoka Mpale. Miezi miwili nyuma alikaa nyumba ya kungojea, akisikiliza habari za Grasiana mwenye mimba ya miezi minane sawa na yake. Halafu akajifungua mikononi mwangu mtoto wa kiume ambaye hakulia. Tulihangaika naye sana. Bibi zake walimchukua, wakamzika siku hiyohiyo, na huku kwetu mtoto asiyelia hakaliwi matanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja kuuliza. Yule Grasiana, mtoto wake alipona?"

Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, na uongo haukunigharimu kitu.

"Alipona. Wa kiume, mzima kabisa."

Alinitazama, akaendelea kunitazama, mpaka mimi mtu mzima nikainamisha macho.

"Mama, na wewe unanidanganya kama wa nyumbani," alisema. "Wao kila siku wananiambia sahau, utapata mwingine."

"Alikufa," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesomewa majibu ya kipimo.

"Haya. Kesho yake alifanya nini?"

"Nani?"

"Si huyo Grasiana. Asubuhi ile, maziwa yalipoanza kutoka, alifanya nini? Mimi hakuna aliyeniambia. Nikasema labda wewe umeandika."

Sikuwa nimeandika. Miaka thelathini nimewafunika watoto wa namna hiyo, nikamwambia mama pole, nikageukia kitanda kinachofuata. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja anaamkaje. Na kitabuni nimefanya vilevile: nimemfunika mtoto, nimenyeshesha mvua, nimeondoka. Niliona aibu, aibu hasa, mpaka masikio yakawaka moto.

"Munira!" nikaita. "Rudisha hilo la tisa."

"Mama, na Jumatatu?"

"Mengine yapeleke. Hilo nipe."

Alinipa, akapanda nyuma ya dereva. Bodaboda ikaondoka. Nilijua mchapishaji anaweza kukasirika na yote yakaishia hapo, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeweza kulia mbele za watu. Ilikuwa saa saba, saa yangu ya kuiba. Badala ya kujifungia nikaketi kwenye benchi, bega kwa bega na Chausiku, nikafungua daftari.

"Sijui alifanya nini," nikamwambia. "Wewe ulifanya nini?"

Aliweka mikono mapajani.

"Nilitoa nguo zake kwenye mkoba, nikazifua," alisema. "Zilikuwa safi, mama, hajazivaa. Nikazianika. Zilipokauka nikazifua tena."