Mtihani wa Gari la Mwalimu Donald

Kufika saa mbili asubuhi Crispus alikuwa amekwisha kufagia gereji, kujaza madebe maji na kulisukuma nje gari la Mwalimu Donald, lililokuwa limelala pale tangu Alhamisi. Kila Jumamosi kazi ilianza hivyo. Leo tu alifagia mara mbili, na ndani ya ovaroli alivaa shati la kanisani ambalo mkewe Zipporah alikuwa amelipiga pasi alfajiri. Lilikuwa limelowa jasho tayari.

Ilikuwa siku ya mtihani. Mkaguzi wa ufundi alikuja Voi mara moja kwa mwaka, kwa treni ya asubuhi kutoka Mombasa. Aliyefaulu alipewa cheti, na asiye na cheti hakuitwa fundi hata akiweza kulifufua gari kutoka makaburini. Crispus alikuwa ameshika spana katika gereji ile miaka kumi na minane, na kwenye orodha ya wafanyakazi bado aliandikwa boi, yeye baba wa watoto watano. Alikuwa ameomba kiwanja kidogo Kaloleni afungue gereji yake. Karani wa mji alimpa muda mpaka mwisho wa mwezi. "Lete cheti," alimwambia, "ama nampa fundi wa baiskeli anayekingoja." Basi leo ilikuwa cheti au mwaka mwingine wa uboi, na kiwanja kwenda na maji.

Mwalimu Donald alifika kwa miguu kutoka Sagalla, juu mlimani, kofia kichwani, tai shingoni, viatu vimejaa vumbi jekundu. Ndiye aliyemfundisha Crispus kusoma. Gari lake alilinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao, na lilikuwa limezeeka hata kabla ya vita kuanza. Lakini Sagalla nzima ililipenda kama shangazi. Lilipeleka wagonjwa hospitali, lilileta maharusi kanisani, na wakati wa kiangazi lilipandisha mapipa ya maji. Likikohoa, kijiji kizima huuliza limelalaje.

"Limepona?" aliuliza Mwalimu.

"Bado. Wamesema nifanye mtihani kwa hilo hilo."

"Basi nitakaa niombe," akasema Mwalimu, akaketi juu ya tairi.

Mkaguzi alifika na treni, mzungu mrefu asiyesema mengi. Aliyesema ni karani wake, Alexander, mtu wa pwani mwenye tai na sanduku la bati la vifaa. Alilitazama kopo la mafuta mkononi mwa Crispus, lile lenye mdomo mrefu.

"Hilo weka kando. Vifaa vya serikali tu."

"Bwana karani, humu sandukuni hakuna kopo la mafuta."

"Basi halihitajiki. Una nusu saa."

Crispus alizungusha hendeli. Injini ikanguruma, ikatetemeka boneti nzima, na kila ilipopunguziwa mafuta ikafa. Aliiwasha tena, mwenye gereji akamkanyagia mafuta, naye akainamisha sikio. Kulikuwa na mlio mwembamba, kama mtu anayevuta chai ya moto. Hewa ilikuwa inaingia mahali isipoalikwa. Kazi ilikuwa kujua ni wapi, kwa maana maungio yalikuwa matatu na yote yalikuwa ya uzee mmoja. Kwa kopo lake angedondosha mafuta kidogo kwenye kila ungio. Pale penye ufa, injini ingeyafyonza na kubadili sauti.

Kopo lilikuwa kando. Crispus akateka maji kwenye debe, akajaza kinywa, akapuliza mchirizi mwembamba kwenye ungio la kwanza. Sauti ile ile. La pili, vilevile. La tatu, chini ya kabureta, injini ikameza yale maji, ikatulia kwa pumzi mbili, kisha ikarudia kutetemeka. Alikuwa amelipata ungio bovu kwa dakika nne.

Hapo mazoea yakamponza. Baba yake alikuwa mtu wa kutasa, yaani kutambika, kama wazee wengi wa Kidawida, Wataita wa milimani. Kila mara alichukua kinywa cha pombe ya miwa, akaipuliza uani, akaomba hasira itoke moyoni mwake ili nyumba ikae salama. Crispus alikuwa mkristo safi, lakini kwa miaka mingi kila alipolipata ungio bovu alisema maneno yale yale, kwa mzaha na kwa mapenzi, kwa sababu magari makuukuu aliyapenda kweli. Leo pia yalimtoka.

"Hasira itoke, mama," alilinong'oneza gari. "Tubaki na amani."

Alexander aliinua kichwa. "Unafanya nini wewe?"

"Natafuta hewa inapoingia. Ni hapa, gasketi imekatika."

"Umelitemea gari mate, halafu umelisemesha."

"Ni maji, bwana karani. Sikia, nitarudia."

Alexander hakutaka kusikia. Alimgeukia Mwalimu Donald. "Mzee, wewe ni msomi. Watu wenu wa huku hutema maji hivi katika mambo yao ya jadi, sivyo?"

Maskini Mwalimu! Miaka thelathini alikuwa amehubiri dhidi ya kutasa, na miaka hiyo hiyo thelathini hakuwahi kusema uongo mbele ya mtu. Alivua kofia.

"Hufanya hivyo," alisema. "Lakini..."

"Asante, mzee."

Alexander akamnong'oneza mkaguzi. Mkaguzi akatazama saa, akatia sahihi bila kuchungulia chini ya boneti. Crispus alipewa kadi nene ya rangi ya kaki, yenye jina lake na mhuri. Hakufaulu. Sababu: alitumia uganga. Kurudi mwakani.

Walipoondoka, mwenye gereji alifunga stoo, akaenda kula. Crispus alibaki amesimama na kadi yake. Alimtazama Mwalimu Donald na kwa muda alimchukia kabisa.

"Nimekuangusha," alisema Mwalimu.

"Umesema kweli."

"Nimesema nusu, nikanyamaza. Ningepaza sauti." Alivaa kofia, akaivua tena. "Liache gari. Nitapanda mlima kwa miguu."

Crispus aliinama chini ya boneti. Alichukua spana, akafungua nati mbili, akaing'oa kabureta. Gasketi ya zamani ilitoka vipande vipande. Karatasi ya kukatia nyingine ilikuwa stooni, chini ya kufuli. Alitazama huku na huku, kisha akatazama mkononi mwake.

Aliilaza kadi juu ya chuma, akaigonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka umbo likajichora, akaanza kukata kwa kisu.

"Crispus! Hiyo ni karatasi ya serikali."

"Ndiyo, Mwalimu. Ngumu, nzuri."

"Na mwakani utawaonyesha nini?"

"Mwakani watanipa nyingine."

Mwalimu Donald alicheka kidogo, kicheko kilichokaribia kilio. Crispus aliipaka gasketi grisi, akakaza nati, akawasha. Kisha akaingia garini kushika mafuta.

"Kuna mtu lazima apulize maji tuone kama limeziba. Mimi nimeshika mafuta huku."

Mwalimu alilitazama debe. Alitazama barabarani, kama mzee wa kanisa angepita. Kisha akajaza kinywa, akapuliza vibaya, nusu ikaenda kwenye kabureta na nusu kwenye tai yake. Injini haikubadili sauti hata kidogo. Ilinguruma polepole, sawasawa.

"Hasira itoke," alisema Mwalimu Donald. Hakuwa akisema na gari.

Crispus alishuka, akamfuta tai kwa kitambaa, akamfungulia mlango. Gari likatoka getini, likashika njia ya Sagalla bila kukohoa, na yeye akasimama akilisikiliza mpaka likapotea mlimani. Hasira yake kwa Mwalimu ilikuwa imemtoka kweli, akajisikia mwepesi. Ile nyingine, ya mkaguzi na karani wake na kiwanja cha Kaloleni, ilibaki palepale kifuani, na hakuitafutia maji.