Aliyerudisha wa Kwanza

Msusi alizima swichi kuu mwenyewe. Alingoja mteja wa mwisho wa Jumapili atoke na nywele zake mpya, akafunga mlango, akapanda kigoda kule nyuma ya pazia penye ndoo za taulo, akaishusha swichi bila kusita. Taa zikafa. Feni ikazunguka kidogo kwa ukaidi, halafu nayo ikasimama. Wenzake walipofika aliwaambia umeme umekatika, akasikitika pamoja nao kwa uso mkavu kabisa. Ulikuwa uongo mdogo, tena haukumsaidia kitu, maana Fundi Redio alikuja na redio ya kaseti inayotumia betri.

"Mimi na umeme tunajuana, Dada," Fundi alisema, akaiweka redio mezani chini ya vioo, kati ya vitana na kopo la mafuta ya nywele.

Ndani ya mfuko wa shati lake kulikuwa na kanda, na kanda hiyo ndiyo iliyomfanya msusi ashindwe kula tangu asubuhi. Mjane wa yule bwana aliyekuwa akiendesha mitambo ya sauti ya Radi Kavu alimpelekea Fundi sanduku la vifaa vibovu atazame kama kuna kinachofaa. Chini kabisa, katikati ya nyaya, Fundi akaikuta: onyesho la mwisho, limerekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye mitambo, pamoja na kila kilichoingia kwenye maikrofoni usiku ule. Alikuwa hajaisikiliza. Aliapa hivyo kwenye simu, kwamba jambo kama hilo husikilizwa na wote au halisikilizwi kabisa.

Radi Kavu ilikuwa bendi ya roki, na kama hukuwahi kuiona jukwaani, hawa wanne wangekuhurumia mbele ya macho yako. Walikuwa wakikutana saluni kila Jumapili baada ya kazi kuikumbuka: msusi mwenyewe, ambaye wote walimwita Dada, Fundi Redio, Dereva, mtu wa malori, mpole kuliko malori yake, na Solo, mdogo wake msusi. Solo alipewa jina hilo ujanani kwa sababu kila gitaa la solo lilipoanza, na yeye alianza, akilipiga gitaa lisilokuwepo, macho yamefumbwa, ulimi nje.

"Dada-eee!" Sauti ya Solo ilimtangulia mlangoni, na mwisho wa neno akaupandisha na kuukunja, kama alivyozoea tangu mtoto. Halafu ikaja fimbo yake, halafu yeye, mguu wa kulia umenyooka kama ubao. Akaketi kwenye kiti cha wateja, kile kinachoshuka chenyewe polepole, akamtazama Fundi kupitia kioo. "Iko wapi?"

Fundi akagonga mfuko wa shati.

"Tuanze na kumbukumbu kwanza," msusi aliingilia upesi. "Ndio utaratibu wetu. Au leo tumeuvunja?"

Hakuna aliyempinga, na yeye akashukuru kimoyomoyo, ingawa hakujua anachelewesha ili kipatikane nini. Pengine betri zingeisha. Pengine Solo angechoka akataka kwenda nyumbani kulala, ingawa hilo lilikuwa gumu kulitarajia. Waliishi nyumba moja, vyumba vyao vimetenganishwa na ukuta mmoja, na usiku mwingi msusi alilala akiisikiliza ile fimbo ikienda na kurudi sebuleni.

Dereva akaanza na onyesho la mvua, la uwanjani, wakati watu walipojifunika kwa viti vya plastiki na mpiga gitaa akakatikiwa na nyuzi mbili, akamaliza wimbo kwa zilizobaki, na kwa maoni ya Dereva akaupiga vizuri zaidi. Fundi akamwambia anatia chumvi, ulikatika uzi mmoja tu. Wakabishana. Msusi akawachochea wote wawili, akiwauliza mpiga gitaa alivaa nini, mvua ilitoka upande gani, mambo ambayo siku nyingine yasingemshughulisha hata kidogo. Fundi naye akaeleza, kwa mara ya mia na kitu, alivyoingia kwenye onyesho lake la kwanza akiwa amebeba sanduku la spika begani, walinzi wakadhani ni mfanyakazi wa bendi, na alivyotumwa sanduku jingine, na jingine, hadi onyesho likaisha akiwa bado anabeba. Wakacheka. Msusi pia alicheka, akaisikia sauti yake ikitoka juu mno.

Ikafika zamu ya Solo.

Yeye alisimulia habari za Pacha. Hawakuwa mapacha wala ndugu, ila walikuwa hawaachani, basi mtaa mzima ukawaita hivyo, na jina likamganda mmoja tu. Ni Pacha aliyemfundisha Solo kurudisha. Kurudisha ndiyo ilikuwa fahari ya mashabiki wa Radi Kavu: mwimbaji akirusha neno, wao wanalirudisha. Katika ule wimbo wao mkubwa aliimba "songeni mbele", ukumbi ukajibu "mbele-eee". Akibadilisha neno ghafla ili awatege, walilidaka hilo hilo na kulirudisha kabla halijapoa, na kila mmoja alitamani awe wa kwanza. Aliyerudisha wa kwanza alitembea kifua mbele wiki nzima.

Ndiyo sababu yalitokea yaliyotokea. Usiku wa onyesho la mwisho, katikati ya wimbo huo, mwimbaji aliona uzio wa chuma umeanza kuwalalia watu wa mbele. Akapiga magoti ukingoni mwa jukwaa, akashusha maikrofoni, akasema, "Rudini nyuma." Na mtu mmoja pale mbele akalirudisha ndani ya maikrofoni ile ile. Ukumbi ukadhani ni mtego mpya. Maelfu ya watu wakaimba "nyuma-eee" kwa furaha, wakiruka, wakisukumana kwenda mbele kuliko mwanzo, na uzio ukaanguka. Pacha hakutoka hai. Solo alitoka na goti lisilokunjika na pengo kichwani: anakumbuka taa zilivyozimwa ili bendi iingie, kisha anakumbuka dari ya hospitali. Katikati hapo hamna kitu.

"Na huyo aliyerudisha wa kwanza," Solo alimalizia, kama alivyomalizia kila Jumapili, akiwa ameikunjia fimbo vidole mpaka vikapauka, "popote alipo, Mungu amnyime usingizi."

"Amina," alisema Dereva.

"Amina," alisema Fundi.

Msusi akachezesha midomo pamoja nao.

Yeye alikuwepo. Alikuwa nyuma ya mdogo wake, amelishika shati lake kwenye ukosi, kama alivyolishika katika kila onyesho kwa sababu mama yao alimwambia asimwache. Alimwona Solo akiruka na kuidaka maikrofoni. Aliisikia ile sauti ya furaha. Na huko hospitalini, Solo alipofumbua macho na kuuliza ni mpumbavu gani aliyeanza, msusi alimwambia hakumwona. Jibu hilo lilimtoka kabla hajalifikiria, na toka hapo hakupata njia ya kulirudisha. Solo akapata mtu wa kumchukia, na chuki hiyo, msusi aliona kwa macho yake, ndiyo iliyomwinua kitandani akajifunza kutembea upya. Ungemwambiaje mtu kwamba huyo anayemchukia, fimbo anayoiegemea, ni yeye mwenyewe?

"Haya," Fundi akasema, akaitoa kanda mfukoni.

"Hebu niione," msusi akasema.

Akapewa. Ilikuwa kanda ya kawaida, karatasi yake imefifia. Akaenda nayo kwenye sinki la kuoshea nywele, eti penye mwanga wa dirisha asome kilichoandikwa. Sinki lilikuwa limejaa maji ya sabuni. Angefungua mkono tu, basi. Angesema imemponyoka, Fundi angekasirika, Dereva angemtetea, na Jumapili ijayo wangekunywa chai kama kawaida. Akainua macho, na kwenye kioo cha juu ya sinki akakutana na macho ya Solo. Saluni ina ubaya huo, hakuna pa kumpa mtu mgongo.

"Dada," Solo alisema taratibu. "Ilete."

Akaileta. Fundi akaipokea, akaitumbukiza redioni, akakifunga kile kifuniko, na kidole chake kilipofika kwenye kitufe msusi akasikia mwenyewe akisema:

"Ni mimi."

"Wewe nini?" Fundi akauliza.

"Niliyerudisha wa kwanza. Ni mimi. Mmeshajua, kwa hiyo hakuna haja ya kusikiliza."

Dereva akainamisha kichwa. Fundi alibaki na kidole hewani, mdomo wazi. Msusi hakuwatazama hao. Alimtazama mdogo wake, akingoja achukiwe. Alikuwa tayari. Laiti Solo angenyanyua ile fimbo na kumpiga nayo angeshukuru.

Kiti kilikuwa kimeshuka, kwa hiyo ilimbidi Solo anyanyue uso kumtazama.

"Wewe hujawahi kurudisha hata siku moja," alisema. "Tulikuwa tukikucheka mimi na Pacha. Unasimama nyuma yangu umenikaba shati, unatafuta mlango uko wapi." Akageuka. "Cheza, Fundi."

Kitufe kikabonyezwa. Kwanza ukaja mchakacho, kisha ngoma, kisha magitaa, na saluni yote ikawa ndogo. Siku nyingine wangepiga kelele. "Songeni mbele," mwimbaji aliimba, na watu wakajibu, wakajibu tena. Halafu ikaja sauti ya mwimbaji, karibu sana, isiyo ya kuimba: "Rudini nyuma. Jamani, rudini nyuma."

"Nyuma-eee!"

Ilikuwa sauti ya kijana, kavu kwa kuimba usiku kucha, yenye furaha kupita kiasi, na mwisho wa neno ikapanda na kujikunja. Ile ile iliyoingia mlangoni muda si mrefu ikimwita Dada. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Dereva akaziba uso kwa viganja. Mkono wa Fundi ulibaki juu ya redio bila kujua la kufanya, na kanda ikaendelea, ukumbi mzima ukapokea, nyuma-eee, nyuma-eee, maelfu ya watu wenye furaha. Kabla hakijasikika chuma, Solo akanyoosha fimbo na kukibonyeza kitufe kwa ncha yake. Redio ikanyamaza.

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia. Walimsikiliza mpaka akapotea.

"Ulikuwa unajua," Solo alisema hatimaye.

"Nilikuwa nimeshika shati lako."

"Ukaniacha nimlaani kila Jumapili. Mbele yako."

"Niliona heri umlaani mtu usiyemjua. Nilikosea pengine. Sikujua lingine la kufanya, mdogo wangu. Uliposema hutaki kuishi, kisha ukasema utaishi mpaka umjue, mimi nikashika hilo hilo."

Solo akamtazama kupitia kioo. Hakulia. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Fundi aliinuka, akamshika Dereva bega, wakatoka wote wawili nje wakasimama barazani, na mlango wakauacha wazi.

"Nikimlaani," Solo alisema, "hawa wanasema amina. Wewe midomo yako huwa haiendi kama yao. Nimekuona kwenye kioo siku nyingi, nikadhani una sala zako. Huwa unasema nini?"

Msusi akaja akasimama nyuma ya kiti, pale anaposimama kwa kila mteja. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ukosi wa shati la mdogo wake, ukalishika.

"Wewe unasema Mungu amnyime usingizi," alisema. "Mimi nasema, ampe."

Solo akainamisha kichwa mpaka paji likagusa mpini wa fimbo.

"Bado hajampa," alisema.

"Najua," msusi akasema. "Nakusikia usiku."