Kichupa Kilichoandikwa Mezani

Kichupa cha damu huandikwa jina kando ya kitanda, kabla mchotaji hajamwacha mgonjwa. Aandikaye mezani hukabidhi funguo za maabara na kuondoka. Kanuni hiyo niliibandika mwenyewe juu ya jokofu, na kwayo nilikwisha kumwondoa fundi mmoja, akilia.

Asubuhi ile mdogo wangu alijifungua, na damu haikukatika. Nilimchota yeye na mama wa kitanda cha pili, nikatia vichupa viwili mfukoni, nikakimbia. Chupa ya damu ya kumwongezea mdogo wangu ilikwisha kupelekwa wodini, ya yule mama bado, msaidizi wangu aliponiuliza:

“Mkubwa, hivi uliviandikia wapi?”

“Hapa mezani.”

“Basi cha mdogo wako ni kipi?”

Nilivigeuzageuza vile vichupa viwili, vimefanana.

Damu ni mchukuzi wa mwili. Hubeba pumzi kutoka mapafuni, chakula kutoka utumboni, na joto hadi ncha za vidole. Tena ina askari wake. Ikitiwa damu ya kundi geni, askari hao huivamia, chembe hupasuka, figo huziba, na mtu hufa huku chupa ikimdondokea taratibu. Hayo nilikuwa nikiyafundisha wengine. Nilipanda ngazi mbiombio.

“Kaka, unahema kama mwizi,” alisema mdogo wangu, midomo myeupe. “Mgonjwa ni mimi au wewe?”

“Funga mpira huo wa damu, muuguzi.”

“Nimeufungua sasa hivi tu, yameingia matone machache.”

“Funga.”

Akafunga. Mdogo wangu akajishika kiuno. “Mgongo wanichoma. Na baridi hii imetoka wapi?”

Nilijua imetoka wapi. Nikamchota upya, nikaandika jina lake palepale, herufi zikipinda. Katika kigae cheupe cha maabara, damu yake na ile ya chupa ziligandamana vipande vipande, kama maziwa yaliyochacha. Msaidizi akaipeleka chupa ya kundi lake halisi, nami nikakaa kando ya kitanda cha mdogo wangu nikihesabu pumzi zake na kuukagua mkojo wake, uliokuwa mwekundu. Kufikia alasiri ulikuwa umerudi kuwa wa njano. Naye akaomba aletewe mtoto.

Nilishuka.

“Mkubwa, mbona amepona,” alisema msaidizi. “Nani atajua?”

“Yule niliyemfukuza, mgonjwa wake naye alipona.”

Akakinga kiganja. Nikaweka funguo humo, nikavua koti jeupe, nikatoka.