Ujazo wa Kasiki

Vyungu vya Apolonia havikuwa na bei. Mgeni angecheka: kitu cha kuuzwa kikose bei? Lakini vilimani kule juu ya Njinjo, tangu enzi za bibi yake, chungu kiliuzwa kwa ujazo wake. Ukikitaka, unakijaza mtama wako mpaka ukingoni, mfinyanzi anaumimina kwenye kapu lake, anakuachia chungu kitupu, mnaagana. Kidogo kilileta kidogo, kikubwa kilileta kikubwa. Hakukuwa na kubishana, wala kuapa kwa jina la Mungu kama walivyofanya wenye maduka ya Kivinje kule pwani, wanaokupimia kaniki huku wakikuuliza habari za watoto ili usitazame dole gumba linaanzia wapi.

Apolonia aliipenda biashara hiyo pengine kuliko alivyovipenda vyungu vyenyewe. Nta ya mumewe ilipimwa kwa mizani ambayo mwenye duka peke yake aliweza kuisoma. Kodi ya serikali ilitakiwa kwa shilingi, upende usipende. Kwenye chungu tu ndiko muuzaji na mnunuzi walikoinama pamoja wakakitazama kitu kimoja kwa macho manne. Wanawake wanne waliofinyanga katika mlima ule walikuwa wamekubaliana mbele ya bibi yake, siku za mwisho za uhai wake, kwamba hakuna atakayepokea pungufu ya ukingo. Apolonia alikuwa mdogo wao, na ndiye aliyelishika neno hilo kwa kucha na meno.

Ukaja mwaka ule wa vita vya Hitla, mvua ikagoma. Mtama ulichomoza kidogo ukanyauka. Hata nyuki walihama, na Nikodemo mumewe, mrina asali ambaye sauti yake ilifika bonde la pili akiimba mtini, akaikuta mizinga yake ni mitupu. Kisha homa ikamlaza. Homa ilipoondoka ilimwacha mifupa mitupu na miguu iliyovimba, na mganga wa zahanati aliyepita Njinjo alisema dawa yake ni chakula. Alilisema hilo kama mtu asiyejua yuko wapi.

Waliishi kwa ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo Apolonia alivichimba tangu alfajiri. Binti yao wa pekee, Justa, alikuwa ameolewa mbali, Lindi, na huko nako habari zilikuwa zilezile.

Siku moja akaja Sipriani, mwenye shamba la bondeni kando ya mto Matandu, ambako unyevu ulikuwa umembakizia kiasi cha mavuno. Alitaka vyungu viwili vya kupikia. Aliviinua, akavigonga kwa ukucha kusikiliza mlio wake, akaridhika.

"Nitavijaza nusu, Mama Justa," alisema. "Mwaka wenyewe unauona."

"Nusu?" Apolonia alivichukua vyungu vyake akavirudisha ndani. "Nami nikufinyangie nusu chungu, upikie upande mmoja?"

Sipriani alicheka kwa aibu, akangoja kidogo mlangoni, akaondoka. Kutoka kitandani, Nikodemo alikuwa amesikia yote.

"Mke wangu," alisema taratibu, "nusu nayo inaliwa."

"Nikipokea nusu leo, kesho Brigita atapewa robo, na keshokutwa watu watatutupia punje kama tunavyowatupia kuku. Si vyangu peke yangu, Baba Justa. Ni vya sote wanne."

Nikodemo alitazama paa. Alifumbua mdomo, akaufumba. Mwishowe akasema, "Haya," na Apolonia akadhani amekubali.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mfinyanzi tu angeweza kulifanya. Mtu mwingine, nafaka ikiadimika, angepunguza chombo. Yeye alikiongeza. Aliwaza hivi: huku mlimani mtama hakuna, lakini Kivinje vyombo vya baharini hushusha mahindi, na watu wa kule wanasumbuka na maji ya visima yenye chumvi. Watahitaji kasiki kubwa la kuhifadhia maji matamu. Akipeleka vyungu viwili atapata vyungu viwili vya nafaka. Akipeleka kasiki, atarudi na chakula cha miezi miwili, na Nikodemo atasimama. Alihesabu kwa akili ya udongo, na udongo haujui njaa.

Kasiki halifinyangwi kwa siku moja. Unajenga chini, unangoja likaze, unajenga tumbo, unangoja tena, unajenga shingo. Likiisha unalikausha kivulini, kwa maana jua likiligusa linapasuka. Siku kumi na nane zilipita tangu alipochimba udongo hadi alipolichoma. Katika siku hizo Nikodemo alianza kusema hana hamu ya ming'oko, akimsogezea mkewe sahani. Wakati mwingine aliomba kitanda kitolewe nje amtazame akisugua ukingo kwa kijiwe.

"Hilo tumbo lake," alitania, "limenipita hata nilipokuwa mzima."

Apolonia alicheka. Tangu homa ianze hakuwa amecheka, na kicheko kile alikuja kukikumbuka kwa uchungu zaidi kuliko kilio chochote.

Siku ya kuondoka alimwomba Brigita, jirani na mfinyanzi mwenzake, amwangalie mgonjwa. Brigita alikubali huku akitazama chini. Apolonia akajitwisha kasiki juu ya kata ya majani, akashika njia. Siku mbili na nusu alitembea, akilishusha kwa kupiga magoti, akilipandisha kwa kuomba Mungu.

Kivinje, alikaa kando ya wauza samaki. Siku nzima alitazama jinsi watu wanavyopata vitu kwa watu wengine. Mwanamke alitoa samaki mkavu wa ng'onda akapokea mhogo mkavu. Dalali alinadi kanzu na viatu vya marehemu huku ndugu wa marehemu wamegeuza nyuso. Mtu mmoja alimpa mwenzake nazi nne bila kupokea chochote, akamwambia tu, "Utanikumbuka." Njaa ilikuwa imeshuka mpaka pwani, na kila mtu alishika chake kwa mikono miwili.

Alasiri ya siku ya kwanza muuza kahawa mmoja, Mzee Ismaili, alilizunguka kasiki mara mbili.

"Shikamoo, mzee," Apolonia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kasiki zuri hili. Nina mahindi. Nitakujazia mpaka hapa." Akaweka kiganja chake katikati ya tumbo.

Kule hakuna aliyemjua. Brigita hakuwepo, wala wale wawili wengine, na bibi yake alikuwa amelala kaburini mwaka wa kumi. Angeweza kupokea, akajitwisha, akaondoka usiku uleule, na mlima usingejua kamwe. Moyo wake ulimwambia afanye hivyo. Lakini alikiona kile kiganja kilivyokaa palepale tumboni, chini mno ya ukingo aliousugua siku nne, akahisi kwamba akisema ndiyo, atakuwa amewauza wenzake watatu pamoja na kasiki.

"Vilimani kwetu tunajaza, mzee."

"Lakini huku, mwanangu, si vilimani." Alisema bila hasira, akarudi kwenye mabirika yake.

Siku ya pili hakuna aliyeuliza. Siku ya tatu, jua limekwishapanda, akaja mama wa makamo, Bi Biasha, mwenye nyumba kubwa karibu na msikiti. Hakuuliza bei. Alipitisha kidole kwenye ukingo.

"Mama yangu mzazi alitoka huko kwenu," alisema. "Twende nyumbani, nikalijaze."

Ulikuwa mtama, mtama mweupe uliokaa vizuri. Bi Biasha alimimina, akalitikisa kasiki nafaka ishuke, akaongeza hadi punje zikaanza kudondoka sakafuni. Zilikuwa pishi nane na ushei. Aliutia mtama katika gunia, akamsaidia kujitwisha, akamwongezea kipande cha ng'onda bila kukitaja. Apolonia alitoka mjini akiwa mwepesi kama msichana. Njia nzima alikuwa akizungumza na mumewe kichwani. Ameona sasa? Si alimwambia?

Alifika nyumbani jioni ya siku ya tatu ya safari. Brigita alikuwa ameketi kando ya kitanda na bakuli mkononi, na ndani ya bakuli kulikuwa na uji mweupe wa mtama. Apolonia alisimama mlangoni na gunia kichwani.

"Umeutoa wapi?" aliuliza, kabla hata ya kuuliza hali ya mgonjwa.

Brigita hakuinua uso. "Kwa Sipriani. Tangu kabla ya Pasaka. Tunauza nusu, Apolonia. Sote watatu. Mwezi uliopita nilipokea robo." Machozi yakamlenga. "Tuliona haya kukuambia. Kila tukikutazama, tulimwona bibi yako."

Apolonia alilishusha gunia. Lilitua kwa kishindo na Nikodemo akafumbua macho. Uso wake ulikuwa umetoweka, yalibaki macho tu, lakini yalimtambua mara moja.

"Limejaa?" aliuliza.

"Limejaa, mpaka likamwagika."

Alitabasamu. "Najua ulivyolisugua lile," alisema. "Ungepewa pungufu, ningeinuka mwenyewe nikagombane nao."

Apolonia alimpikia usiku uleule, uji mzito kidogo, na kipande cha ng'onda. Nikodemo alimeza vijiko viwili kwa kumpendeza. Cha tatu kilikaa mdomoni mwake, kikateremka kidevuni, akamwambia kwa macho amsamehe. Koo lilikuwa limesahau kazi yake. Brigita alikuwa amekwenda, na nyumba nzima ilinuka mtama uliopikwa.

"Ulijua?" Apolonia aliuliza. "Kwamba wenzangu wanauza nusu?"

Nikodemo aligeukia ukuta. "Brigita alinieleza asubuhi ya siku ileile alipokuja Sipriani. Nilitaka kukuambia."

"Basi kwa nini hukuniambia, Baba Justa? Kwa nini?"

"Ulisema ni vya sote wanne. Ulisema kwa furaha. Nikaona nikikuambia, utakuwa umebaki peke yako." Alivuta pumzi. "Na nilidhani nina muda."

Apolonia alilia mpaka akakosa sauti. Alimwomba amlaumu. Amwambie mbishi, mjinga, muuaji, neno lolote ambalo angeweza kulijibu. Nikodemo aliupapasa tu mkono wake, mkono uliokauka kwa udongo. Hakumlaumu usiku ule, wala siku iliyofuata. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, alikufa.

Alizikwa chini ya mizinga yake, katekista akisoma sala kwa kuwa padre alikuwa mbali. Watu walipanda kutoka kila bonde, kwani Nikodemo alikuwa amewaonjesha asali wengi, na waliopanda walikuwa na njaa. Hakuna nyumba mlimani iliyokuwa na cha kuwapa waombolezaji isipokuwa ile ya marehemu. Apolonia alilifungua gunia mwenyewe. Wale wafinyanzi watatu walikuja na michi yao, wakatwanga bila wimbo, na hakuna aliyethubutu kumwangalia usoni.

Siku tatu za matanga watu walikula. Wengine hawakuwa wameonja ugali tangu mwezi uliotangulia, na ingawa walijitahidi kula kwa huzuni, mikono yao ilikwenda mbio. Mzee mmoja kutoka Njinjo, aliyekuwa hajui chochote, alilamba vidole akasema kwamba marehemu amewaachia watu karamu, na kwamba mtama huu ni mtamu sana, bila shaka ulinunuliwa kwa bei kubwa.

"Ndiyo, baba," Apolonia alisema. "Kasiki langu liliniletea ujazo wake wote."

Kisha akachukua upawa, akaenda kumwongezea.