Chombo cha Kiti Kimoja

"Ameondoka," binti yangu alisema. "Kavua glavu, kamwekea mzee mkononi, kaingia chomboni. Utabaki angani bila glavu? Utaganda hata hujakohoa."

"Amebaki," Kimya akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tumalize kula. Hatukumpa jina la Kimya kwa utani.

"Amebaki vipi, mama mdogo? Lete ushahidi."

"Mtu anayekimbia hapotezi muda kuvua glavu."

Basi wakaanza upya. Ilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwangu, mbele ya kompyuta kuukuu ambayo binti yangu alinunuliwa akiwa bado anasoma. Shule imeisha, kazi haijaonekana, na siku hizi mashine ile haina shughuli nyingine ila mchezo huu wa angani. Ndani yake kuna Rubani, mwanamke mwenye kovu shavuni, na Fundi, mzee mnung'unikaji asiyeridhika na kitu. Wamezunguka nyota kwa nyota wakibeba madini kwa merikebu isiyo yao. Wamegombana, wameuguzana. Mwishowe merikebu inapasuka, na kumbe chombo cha kujiokolea ni kimoja, nacho kina kiti kimoja.

Hapo ndipo penye maneno. Rubani anavua glavu moja, anaiweka kwenye kiganja cha Fundi, anamtazama. Chini pameandikwa: bonyeza uendelee. Ukibonyeza, mlango unajifunga, unaonyeshwa chombo kwa nje kikienda zake gizani, na dirisha lake ni jeusi. Huoni aliyemo. Mchezo umekwisha, majina ya waliouunda yanapanda kama moshi.

Kila Jumapili wanarudi pale pale, kama watu waliokwenda msibani bila kuambiwa aliyekufa ni nani.

"Na wewe mama? Kaondoka au kabaki?"

"Mimi nauliza nani alitengeneza chombo cha kiti kimoja."

"Haya, ameanza."

"Nauliza tu. Merikebu ina wafanyakazi wawili. Ina ghala la madini kubwa kama uwanja wa mpira. Likija suala la kujiokoa, kiti kimoja. Aliyepiga hesabu hiyo yuko wapi? Mchezo mzima hatumwoni! Ninyi mnagombana Rubani mwema, Rubani mbaya, na mwenye merikebu amekaa mahali anakoroga chai."

"Mama, ni mchezo."

"Muulize mama yako mdogo kama ni mchezo."

Kimya alicheka kwa pua tu. Alijua ninasema nini, maana tulikuwa na Ijumaa mbele yetu.

Kimya si ndugu yangu wa damu; ni mwenzangu wa kazi, tunakunja mashuka pamoja. Kiwanda chetu ni cha dobi, kinafua nguo za mahoteli na hospitali, na shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Tunasimama wawili, kila mtu na pembe zake mbili, tunalikung'uta mpaka linalia kama kofi, tunalilaza nusu. Kisha mmoja anatembea kumfuata mwenzake. Huyo tunamwita mwendaji. Anayesimama ni mpokeaji. Mwendaji anafika, anakabidhi pembe zake, anainama kuokota mkunjo unaoning'inia, anarudi nyuma, na shuka linakuwa robo. Kimya ndiye mwendaji, mimi mpokeaji. Kuna amri moja tu ambayo hata wageni hufundishwa siku ya kwanza: huachii pembe mpaka mwenzako ameshika, na shuka haligusi sakafu. Likigusa, linarudi kufuliwa, na msimamizi anakuja.

Msimamizi wetu tunamwita Pasi Baridi. Anapita juu ya kila kitu na hanyooshi kitu. Jumatano kabla ya ile Jumapili alitukusanya kwenye magari ya nguo mbichi, akatangaza kwamba inakuja mashine ya kukunja. Kila meza itabaki na mtu mmoja, wa kuilisha mashine.

"Kampuni haitaki kumwonea mtu," alisema. "Sisi ni familia. Kwa hiyo kila meza mtakubaliana wenyewe nani apumzike. Ijumaa ya wiki ijayo mniletee jina moja."

Waoneni hao! Kisu ni chao, mkono wa kushika wanauomba kwetu. Na mimi sina ugonjwa wa kusahau. Nilikuwepo yalipoletwa madude ya kukaushia, wanawake wa kamba za kuanikia walipoambiwa hivyo hivyo, chagueni wenyewe. Walichagua. Ndugu wawili wa tumbo moja walitoka pale hawasalimiani, na mmoja amezikwa hawajasalimiana. Nilikuwepo pia mwanamke wa chumba cha pasi alipojitolea kuondoka ili wenzake wabaki. Tulimbeba mabegani mpaka getini. Tuliimba. Baada ya hapo nani alipeleka hata kibaba cha unga kwake? Na wale wenzake aliowaokoa, kufika masika walikuwa nje nao.

Ndiyo maana nilipita meza kwa meza, wakati wa chakula na kwenye foleni ya choo. Hakuna jina. Wakiuliza, tunasema hatujakubaliana. Watu walinicheka, "Mama Mgomo kapata mgomo," lakini walikubali. Hata yule mpokeaji wa meza ya dirishani, mwoga wa kuogopa kivuli chake, alisema, "Sawa, shoga, ila usinitume nikawe wa kwanza kusema." Kimya alitikisa kichwa kukubali. Kwa Kimya, hilo ni sawa na hotuba.

Ijumaa, katikati ya asubuhi, Pasi Baridi alikaa kwenye kile chumba chake cha vioo, akaacha mlango wazi. Hakumwita mtu. Alikaa tu, kama mtego wa panya unavyokaa.

Tulikuwa na shuka mikononi. Tulilikung'uta, tukalilaza. Kimya akaja, akanipa pembe zake, mikono yangu ikapokea. Mikono hiyo haiulizi, imepokea maisha yake yote. Nikangoja ainame.

Hakuinama. Aliweka viganja vyake juu ya vyangu, vile viganja vilivyochanika kwa sabuni, akavikandamiza kidogo juu ya kitambaa. Alinitazama. Kisha akageuka, akapita kati ya magari ya nguo, akaelekea kwenye vioo.

"We! Kimya! Mdogo wangu!"

Hakugeuka. Na mimi sikumfuata. Nilikuwa nimeshika pembe zote nne, na mkunjo unaning'inia karibu na sakafu iliyolowa. Nikipiga hatua, shuka linaburuta. Mimi, niliyewahi kufungiwa geti nikaruka ukuta, nilisimama nimenyanyua mikono juu kama mtu aliyekamatwa, ili shuka la hoteli lisichafuke. Mpaka akili inarudi nilitupe, yeye alikuwa ameshafungua mdomo kule ndani na kuufunga. Ni jina moja, halichukui muda. Pasi Baridi akanyoosha shingo, akaniangalia juu ya bega la Kimya.

Kimya alitokea mlango wa pili. Hakurudi mezani.

"Kakutaja," wa dirishani akaninong'oneza. "Ungemwona alivyokukwepa macho."

"Kajitaja yeye," wa meza ya nyuma akajibu. "Hamkuona alivyomshika mikono? Mtu anayekuuza anakushika mikono?"

"Ndio hao hao wanaoshika!"

Nikahisi kama niko sebuleni kwangu Jumapili. Lakini hawakubishana muda mrefu. Mmoja akishataja, nani atabaki amefunga mdomo? Kila mtu akaanza kuogopa mwenzake atamtangulia. Mpaka kengele ya mwisho, kila meza ilikuwa imepeleka jina. Wengine walipeleka wakilia. Wengine walikuwa na haraka.

Getini Pasi Baridi alinisubiri mwenyewe.

"Una bahati, Mama Mgomo. Amejitaja yeye. Rafiki wa kweli yule. Kampuni inathamini sana moyo wa namna ile."

Ningeweza kusikia lolote ila hilo. Wakikusifia, jiulize umewapa nini.

Sikwenda kwa Kimya. Nilikaa na hasira yangu kama mtu na jino bovu, naigusa kwa ulimi makusudi. Jumamosi mchana binti yangu alikuwa kwenye mchezo wake.

"Mama, si amekuokoa? Mimi ningemshukuru."

"Ameokoa kazi yangu ya kulisha mashine mpaka nayo isinihitaji."

"Alinifikiria mimi. Alisema Jumapili hapa hapa, yeye hana mtoto."

"Najua alichofikiria! Hicho ndicho wanachokula hao, mwanangu. Wema wetu. Wanatuwekea kiti kimoja, wanakaa pembeni, wanajua kati yetu hatakosekana mwenye roho nzuri."

Alikuwa amefika pale pa glavu. Jirani akagonga mlango, binti yangu akaenda kumsikiliza, wakapiga soga. Mimi sijui kubonyeza lolote kwenye ile mashine. Nilikaa tu nikiitazama.

Rubani na Fundi walikuwa wamesimama. Glavu iko kati yao. Taa nyekundu juu ya mlango inawaka, inazima. Ukitulia unaona wanapumua, mabega yanapanda na kushuka. Fundi alihamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine, mzee wa watu, magoti yanamuuma. Niliwatazama hadi chai yangu ikapoa.

"Mbona haiendi?" nikamuuliza binti yangu aliporudi.

"Mpaka ubonyeze."

"Usipobonyeza?"

"Nani anakaa bila kubonyeza, mama?"

"Mimi nimekaa."

Akatazama kioo, akanitazama. "Basi ndio hivyo. Wanasimama tu. Hakuna kitu kinatokea."

"Chombo hakiondoki?"

"Hakiondoki. Lakini hawapati kitu pia. Wamesimama tu."

"Usibonyeze kwanza," nikamwambia.

Jumatatu waliotajwa walitakiwa kuja kurudisha aproni. Nilipita kwa Kimya kabla ya kazi. Aliishi na mama yake kwenye chumba cha uani, nikamkuta anamimina maji ya kuoga kwenye ndoo ya mama yake. Aproni ilikuwa juu ya kiti, imekunjwa robo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ulinifunga na shuka."

"Ulishika mwenyewe."

Nilitaka kufoka. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yeye akaketi kwenye kizingiti, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nimekuachia kazi na bado unakuja kunigombeza. Unataka nini, dada? Ungetajwa wewe?"

"Nilitaka asitajwe mtu."

"Wangetufukuza wote."

"Pengine."

"Wewe unasema pengine. Mimi mama yangu hali pengine. Nimechoka kungoja nani ataanza. Nikasema niishe mimi. Wewe hujachoka?"

"Nimechoka tangu hujazaliwa."

"Basi."

"Basi njoo tuchoke mezani. Huko ndiko kwenye shuka."

"Jina langu limeshatajwa."

"Sijakwambia ulifute. Nimekwambia njoo tukunje. Aproni si unaipeleka? Ipeleke imevaliwa."

Mama yake akaita kutoka bafuni kwamba maji yanapoa na ninyi mnahutubiana. Kimya akainuka kumpelekea taulo. Alikaa huko kitambo. Alipotoka, alikwenda moja kwa moja kwenye kiti. Alichukua aproni, akaikung'uta ikalia, akaivaa.

Mlinzi wa geti alimwona na aproni, akafungua. Mashine mpya ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi ndani ya maboksi yake, fundi bado anaizunguka na karatasi za maelezo. Kwenye meza nyingine waliobaki walikuwa peke yao, kila mmoja anakunja foronya asubuhi nzima kukwepa mashuka. Waliotajwa walikuwa wamepanga foleni kwenye vioo. Kimya alipita mbele yao, akashika pembe mbili. Nikashika mbili. Tukalikung'uta. Ukumbi mzima ulisikia.

"Wewe!" Pasi Baridi alitoka. "Wewe hupo hapa. Ulijitaja mwenyewe. Rudisha aproni uende."

Kimya alikuwa anatembea kuja kwangu. Alifika. Akaleta pembe zake.

Sikuzipokea.

Kwa mara ya kwanza mikono yangu ilijifunza kukaa. Nilibaki na zangu mbili, yeye na zake mbili, vidole vyetu vinagusana, shuka linaning'inia kati ya matumbo yetu. Aliniangalia. Akaelewa, sijui alielewa nini, maana hatukuwa tumepanga. Hakuachia. Hujui amri? Huachii mpaka mwenzako ameshika.

"Nimesema aondoke!"

"Ataondoka akimaliza shuka, mkubwa," nikasema. "Likianguka linarudi kufuliwa."

"Basi malizeni!"

"Tunamaliza."

Alisimama pembeni yetu. Aliangalia pembe, akanyoosha mkono kama anayetaka kumpokonya, akaurudisha. Hajawahi kushika shuka yule, hajui lishikwe wapi. Akaenda kumwita fundi wa mashine. Sijui fundi angefanya nini.

Tuliendelea kushika. Shuka la kitanda kikubwa ni zito likishikwa muda mrefu, na sisi si wasichana. Kule dirishani, yule mwoga alikuwa ameacha foronya zake. Mwendaji wake alikuwa ametoka kwenye foleni, amesimama naye mezani, na shuka lao lilikuwa limesimama katikati, halijakunjwa wala halijaanguka. Labda walikuwa wanatuiga. Labda walikuwa wanatushangaa tu.

"Dada," Kimya akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Mpaka lini?"

"Sijui."

Akahamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. Nami nikahamisha.