Nani Ataanua?

Sweta lilikuwa limekunjwa. Hilo ndilo lililompandisha Mama Pacha mori Jumapili ile asubuhi, amechutama uani mbele ya tenga la nguo chafu, mabeseni yamejaa maji ubavuni. Sweta la kijivu la mmoja wa wanawe pacha, mikono imelazwa nyuma na shingo imekaa juu, vile anavyokunja yeye mwenyewe na hakuna mwingine nyumbani mle anayekunja hivyo, kwa sababu hakuna mwingine nyumbani mle anayekunja nguo isiyo yake. Akalinusa. Linanukia sabuni. Akachimba zaidi. Chini ya sweta kulikuwa na suruali ambazo mstari wa pasi haujavunjika, na chini ya suruali shati jeupe la shemeji yake, limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Akakaa kitako chini, kwenye saruji yenye maji, shati likiwa mapajani.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Nguo zikikauka, Mama Pacha anazianua, anazipiga pasi, anazikunja, kisha anamwekea kila mwanamume fungu lake juu ya kitanda. Kazi ya mwenye nguo ni kuzitia kabatini, basi. Kabati lenyewe liko pale pale, mtu mwenye mkono wa kawaida anaweza kulifungua bila kuinuka. Lakini wanaume wa nyumba ile wakitaka kulala wanakuta fungu limekalia kitanda, na kabati wanaliona safari ya mbali. Basi fungu linasukumwa sakafuni. Kesho yake wakiambiwa chumba kinatia aibu, wanakumbatia kila kilicho sakafuni, kisafi na kichafu, wanakwenda kukibwaga kwenye tenga. Chumba kimekwisha kusafishwa hicho! Na yule mjinga mwenye tenga anafua, anasuuza, anakamua, anaanika, anarudi kukunja kitu ambacho hakijagusa mgongo wa mtu.

Aliona aibu kwanza, kama mtu aliyechezewa shere mbele za watu. Hasira ikaja nyuma yake, na ilipofika ilikaa.

Mchana, wote wakiwa mezani, alilitua lile sweta katikati ya sahani.

“Nani amevaa hili?”

Pacha wakatazamana. Walikuwa na miaka kumi na sita, warefu kuliko mlango, na walikuwa wepesi wa kila kitu isipokuwa kuinama.

“Si chafu hilo, Mama?” akauliza mmoja.

“Ninakuuliza wewe. Umelivaa?”

“Sikumbuki.”

“Mimi nakumbuka kwa niaba yako. Hujalivaa. Nusura nilifue likiwa safi. Nafua nguo safi nyumba hii, sijui tangu lini, na nyinyi mnanitazama!”

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuja kukaa kwa muda na muda ukanogewa naye, akacheka kwa adabu. Alikuwa akiuza simu dukani, na kola nyeupe ndiyo iliyokuwa biashara yake. “Shemeji, tatizo ni huo mkono wako. Nguo ukizifua wewe, mtu anatamani zifuliwe tena.”

“Mdomo wa asali unao, shemeji; mimi nakuomba mkono wa sabuni.”

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, hana neno na mtu, na upole wake huo ndio uliokuwa ukimchosha Mama Pacha kuliko ukali wa mwingine. Alitafuna akameza. “Mama Pacha, mbona unakuza jambo? Nguo moja ikizidi ndani ya beseni inakupunguzia nini? Si unafua zote pamoja?”

Mama Pacha alisukuma sahani yake kando. Siku sita za wiki alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, akiwatuliza watu wanaolia kabla hata hawajaguswa, na alikuwa amejifunza kusema neno gumu kwa sauti ya chini.

“Kuanzia leo,” akasema, “kila mwenye mgongo atafua kinachouvaa. Mimi nitafua zangu. Sitagusa soksi ya mtu. Tenga nimelitoa, lipo stoo.”

Upande wa pili wa meza, Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuwa ameacha kula. Hakuna aliyemtazama. Nguo zake alizifua mwenyewe tangu alipoanza kufikia kamba, na zilikuwa kabatini.

Na hapa ndipo penye kiini cha hasira yenyewe. Mama Pacha alipokuwa na umri wa Kitinda, miaka kumi na tatu, alifulia kaka zake wanne. Hakuna aliyemlazimisha kwa fimbo. Mama yao alirudi kutoka kazini hoi, watu wakamtazama msichana, msichana akainuka. Alifua akiwa mgonjwa, akafua siku za mitihani, na mpaka leo kaka zake wakikutana wanasifu jinsi alivyokuwa mwepesi. Siku alipojifungua Kitinda aliapa, akiwa bado kitandani, kwamba huyu hatainuka. Watamtazama mpaka macho yawatoke. Nguo zote za dunia hakuzijali kama alivyolijali hilo.

Wiki ikaanza. Pacha wakageuza soksi nje ndani, wakazivaa tena. Shemeji mtu akawa anajipulizia manukato mpaka mlango wa mbele ukawa unanukia kuliko yeye. Baba Pacha alivaa ovaroli moja hadi likaanza kusimama lenyewe. Mama Pacha alipita katikati yao akijitia hamnazo. Moyoni alikuwa roho juu, mkono ukimwasha kila alipoona kola iliyoshika weusi, lakini alipiga moyo konde. Harufu nayo ni mwalimu, alijisemea, acha iwafundishe.

Jumamosi Kitinda alikuwa na mechi ya mpira wa pete, fainali ya shule za mtaa wao na za mitaa ya jirani. Alikuwa mfungaji. Mwalimu wa michezo alikuwa amesema waziwazi kwamba mechi ile ndiyo atakayoitumia kuchagua timu ya mkoa, na asiyeonekana uwanjani asije akalia baadaye. Mama Pacha alimwacha binti yake asubuhi akifunga kamba za raba, akambusu utosini, akaenda kazini akisikitika kwamba hataiona.

Kumbe ataiona. Mashine ya daktari wa meno iligoma, wagonjwa wakaambiwa warudi siku nyingine, na Mama Pacha akashika njia ya nyumbani, akitaka kubadili viatu tu kisha aende uwanjani.

Alipofungua geti dogo la uani alisimama. Kamba ilikuwa imejaa. Mashati meupe ya shemeji yamebanwa kwa mstari, suruali zimeanikwa kichwa chini, sweta la kijivu limelazwa lisivutike, na ovaroli la Baba Pacha lililokuwa limekufa kwa grisi limefufuka, linatiririsha maji safi. Moyo wake ukamruka. Wameweza! Watu wale, vichwa maji wale, wameweza! Alikaribia kucheka peke yake. Alimpa kila mmoja wao msamaha wake pale pale, na mumewe akamwongezea kidogo.

Kisha akasikia nguo inafikichwa.

Nyuma ya tangi la maji, Kitinda alikuwa ameinama juu ya beseni, raba za mechi miguuni zimelowa, sare ya timu imekunjwa mpaka viwikoni. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji. Alipomwona mama yake alitabasamu, tabasamu la mtu aliyefumwa na zawadi ambayo hajamaliza kuifunga.

“Umewahi mno! Bado soksi tu.”

“Mechi je?”

“Wameshaanza, nadhani.” Akafikicha soksi. “Si kitu.”

“Nani amekutuma?”

“Hakuna aliyenituma.”

“Kitinda.”

Msichana akaitazama soksi. “Baba alisema umekasirika wiki nzima kwa sababu unaachiwa kazi peke yako, na nyumba ina mtoto wa kike. Nikaona kumbe kosa ni langu. Sikujua, Mama. Ungeniambia tu.”

Mama Pacha akapiga magoti kando ya beseni. Wiki nzima amenyamaza, ameuma meno, ameshinda njaa ya kufua, na wao wameichukua hasira yake, wameigeuza, wamempelekea mwanawe aibebe! Hata ubishi wake wameutumia kumfunga mtoto kibwebwe. Akaitoa soksi mkononi mwa binti yake, akaitumbukiza kwenye povu.

“Kosa si lako. Sikia vizuri: si lako, halijawahi kuwa lako. Kaushe mikono. Twende.”

Alipita barazani kwanza. Baba Pacha alikuwa amekalia kiti cha uvivu, mota ya jokofu mapajani. Pacha walikuwa sakafuni na simu zao. Kutoka chumba cha nyuma shemeji alisikika akikoroma, maana ilikuwa siku yake ya mapumziko.

“Baba Pacha. Nyumba hii ina watoto watatu. Wawili kati yao wameshakuzidi urefu. Ulipotafuta wa kufua uliona mmoja tu?”

Mumewe akainua macho, ameshangaa kwa dhati. “Nilitaka upumzike! Hawa wa kiume wakifua unajua mwenyewe utarudia. Mwenzao anajua. Na sikumlazimisha, ameinuka mwenyewe.”

“Ameinuka mwenyewe,” Mama Pacha akarudia. Lilikuwa neno lile lile walilokuwa wakilisema kaka zake. “Zilizobaki ziko kwenye povu. Mtasuuza, mtaanika, zikikauka mtaanua. Umenisikia?”

“Nimekusikia. Nenda, nenda. Usiwe na wasiwasi.”

Walikwenda kwa mguu, mbio mbio, kwa njia ya nyuma ya soko, Mama Pacha na viatu vyake vya kazini vinavyobana, Kitinda mbele yake akilia na kukimbia. Walifika mapumziko yakiisha. Mwalimu wa michezo alimtazama msichana, akatazama saa, akafungua mdomo; Mama Pacha akamwahi.

“Mwalimu, kama kuna wa kuadhibiwa niadhibu mimi. Huyu mwingize.”

Timu ilikuwa nyuma. Mwalimu akamwingiza.

Na mtoto akacheza! Alichukua mpira wa kwanza kwa vidole vile vile vilivyokunjamana, akaruka, akautia kwenye pete kana kwamba anautia mfukoni mwake. Akatia wa pili. Wenzake wakaanza kumtafuta kila walipopata mpira, na mama yake pembeni ya uwanja akapiga kelele mpaka mama wa mchezaji mwingine akamsogezea chupa ya maji bila kuombwa. Wakasawazisha. Mwalimu akawa anaandika, na kila alipoandika alikuwa anamtazama Kitinda.

Ndipo mbingu zikaanza. Tone moja kwenye mkono wa Mama Pacha, lingine kwenye shavu, kisha manyunyu yakashuka kwa haraka kutoka upande wa nyumbani, ambako wingu lilikuwa limetanda jeusi. Mwamuzi akaashiria mchezo uendelee. Simu ya Mama Pacha ikaita mkobani.

“Mama Pacha!” Sauti ya mumewe ilikuwa ya mtu aliyeona moto. “Mvua! Huku inanyesha!”

“Naiona.”

“Nguo ziko nje! Kamba nzima! Zinaloa zote!”

Mama Pacha alitaka kuwa na uhakika. “Baba Pacha, wewe uko wapi?”

“Mimi? Nipo hapa barazani. Naziona kabisa, zinaloa.”

“Pacha wako wapi?”

“Si hawa hapa nami, tunazitazama. Sasa nani ataanua? Mko mbali?”

Hasira aliyokuwa nayo wiki nzima ilikuwa mtoto mdogo mbele ya hii. Wanaume watatu, na wa nne usingizini, wamesimama kwenye ukavu, kamba iko mbele ya pua zao, wamevuka mji mzima kwa simu kumtafuta mwanamke wa kuja kuifikia! Alivuta pumzi. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, na yalikuwa tayari yamepanga foleni mdomoni.

Hayakutoka. Kelele za uwanjani zilikuwa zimebadilika, na Mama Pacha akainua kichwa.

Kitinda alikuwa amesimama chini ya pete, mpira mikononi, hana mtu wa kumkaba karibu. Wenzake walikuwa wanampigia kelele kwa pamoja, “Tupa! Tupa!” Hakuwa akiitazama pete. Alikuwa ameinua uso juu, anaipokea mvua, anaisoma ilikotoka. Kisha akageuka, akamtafuta mama yake kwenye umati, na alipompata akapaza sauti mbele ya timu zote mbili, sauti ya mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau jikoni.

“Mama! Nguo! Nikimbie nikaanue?”

Mwamuzi akapuliza filimbi. Ameshika mpira kupita muda unaoruhusiwa. Mpira wakapewa wapinzani.

“Cheza!” Mama Pacha alipiga ukelele hadi sauti ikapasuka, simu ikiwa bado hewani mkononi. “Ziache! Zioze huko huko! Cheza, mwanangu, cheza!”

Mchezo ulikuwa umeshaondoka kwenda upande wa pili. Kitinda alibaki pale pale chini ya pete, akitazama wingu la upande wa nyumbani.